Chai ya Gesi Iliyonuka Moshi

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeegesha teksi yangu karibu na lango la mtaa wa Membley, pale Ruiru, nikingoja mteja. Alianza na habari za watoto, akaja kwa mvua, akapitia bei ya mbolea, nikajua kuna jambo. Mtu wa kwetu akikuuliza habari nyingi hivyo, ile moja aliyokuja nayo huwa nzito. Mwishowe akacheka kidogo.

"Kijana yangu, jana tulikunywa chai kwa mama yako. Ile chai ya gesi. Lakini ilikuwa na moshi."

Ili uelewe kwa nini nilifunga macho pale ndani ya gari, lazima nieleze kikundi hiki. Ni akina mama wa kanisa moja upande wa mashariki wa Thika, ukishaacha barabara ya Garissa na kuingia vumbini, mahali ambapo mama yangu ana shamba dogo la mahindi, migomba kadhaa na mbuzi wawili. Zamani walikuwa wakipeana blanketi na masufuria. Siku hizi wanamnunulia kila mwanachama mtungi wa gesi, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu. Na mtu akishapata mtungi wake, wenzake huja Jumapili baada ya ibada kunywa kile wanachokiita chai ya kwanza. Mwenye nyumba huwasha gesi mbele yao, huchemsha chai, wanauombea mtungi, wanakula mkate, wanaenda nyumbani.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya mama. Aliwaambia wenzake chumba cha gesi hakijapangwa, wakae tu sebuleni, yeye atawaletea. Kisha akatokea mlango wa nyuma, akaingia kwenye jiko lake la zamani la mabati, akapuliza kuni, akachemsha chai juu ya mawe matatu, akaimimina kwenye thamosi na kurudi nayo akitabasamu, macho mekundu. Wanawake waliopikia kuni tangu wakiwa wasichana wakapewa vikombe. Kila mmoja aliijua ladha ile kwa funda la kwanza. Hata hivyo walimpongeza kwa gesi yake, wakaiombea.

"Na wakati wa maombi," mwenyekiti akaongeza, na sasa hakuwa anacheka, "alikohoa mpaka tukafungua macho."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikampigia mteja kumwambia atafute gari lingine. Nilikuwa na hasira. Mimi nina hasira za karibu, mke wangu anajua, wateja wangu kadhaa pia wanajua.

Miezi michache kabla ya hapo, daktari wa Thika alikuwa amemsikiliza mama kifua kwa muda mrefu, akaniambia mbele yake kwamba kifua hicho kimechoshwa na moshi, na dawa zote atakazompa zitakuwa kazi bure kama atakuwa anatoka kliniki na kurudi kwenye mawe matatu. Sisi watoto wake tukaamua kwa simu, kama watoto wa siku hizi wanavyoamua mambo ya wazazi wao: asipoacha moto wa kuni, ataiacha nyumba. Atakuja kukaa kwangu Gatongora, huko huko Ruiru, kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, mahali ambapo huwezi kupanda hata shina moja la sukuma wiki. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia kwa sababu ndiye ninayeishi karibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema afadhali akohoe kwake.

Basi kikundi kilipompa mtungi nilishusha pumzi. Nilidhani mambo yamekwisha.

Ningepaswa kumjua mama yangu vizuri zaidi. Mwanamke huyu alikuwa amekataa kukalia gari langu. Teksi yangu inatembea kwa gesi. Bei ya petroli ilipopanda mpaka nikawa nafanyia kazi kituo cha mafuta badala ya familia yangu, nilimpelekea gari fundi mmoja wa Ruiru, akatia tangi la gesi ndani ya buti, pale ambapo gurudumu la akiba hukaa, na kitufe kidogo kando ya usukani cha kuchagua gesi au petroli. Gari lilibaki vile vile, ila sasa nilikuwa nafika mwisho wa wiki nikiwa na kitu mfukoni. Nilimpelekea mama nikimwonyesha kwa fahari. Alilizunguka mara moja akasema hawezi kukalia bomu. Tangu hapo, siku za kliniki, alipanda bodaboda kwenda Thika na mimi mwanawe, mwenye gari zima tupu, nilimfuata nyuma nikiwasha taa za tahadhari. Alikuwa akigeuka na kunipungia mkono.

Kuna jambo moja ambalo mimi pia nilikuwa nimemficha. Kuna homa ilinilaza wiki tatu, na niliponyanyuka kitandani pua yangu ilikuwa imekufa. Sisikii harufu ya kitunguu, ya mvua wala ya nepi ya mtoto. Wengine hurudishiwa baada ya miezi, mimi sikurudishiwa. Sasa mtu asiyesikia harufu anaendeshaje gari la gesi? Fundi alipojua hali yangu alininyooshea chupa ya maji ya sabuni na kipande cha sponji, akaniamuru nisiachane navyo. Unapaka povu kwenye kila kiungo cha bomba, na gesi ikiwa inatoka, povu linavimba. Hiyo ni kazi ya kila Jumamosi. Siku nyingine zote, kabla sijawasha gari asubuhi, mke wangu hushuka ngazi na leso yake kichwani, hufungua buti, huingiza kichwa, hunusa, hunusa chini ya siti, kisha hunigongea paa mara mbili. Nikisikia hiyo ngo-ngo, natoka. Majirani wa ploti yetu walidhani ni mambo ya maombi.

Mama sikumwambia. Angesema ndiyo hiyo gesi imeniharibu pua, na hapo ningekuwa nimejimaliza mwenyewe.

Nilifika kwake kabla ya saa sita mchana. Alikuwa anamenya viazi kizingitini. Mimi ni mwanawe wa pili, na kwa desturi yetu nilipewa jina la babake, kwa hivyo huniita baba, hata akiwa anataka kunichapa. Akaniuliza, "Baba, umekuja Jumatatu, nani amekufa?" Nilimpita nikaingia sebuleni.

Mtungi ulikuwa kati ya televisheni na kiti cha marehemu baba, umevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya kijani kibichi. Juu yake kulikuwa na rimoti na miwani yake ya kusomea Biblia. Ungedhani ni stuli, hata wageni wa jana huenda walidhani hivyo. Nilinyanyua kitambaa na kukuta muhuri wa plastiki bado uko shingoni kama ulivyotoka dukani. Bana yenyewe, lile jiko dogo linalokaa juu ya mtungi, ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku lake, pamoja na kadi za harusi za watu.

Nilisema maneno mengi ambayo sasa sitaki kuyakumbuka yote. Nilimuuliza kama anataka tumzike kwa sababu ya moshi wa chai. Nilimwambia amedanganya kanisa. Alipangusa tu mikono kwenye aproni.

"Wiki ijayo nakuja na lori," nikamwambia. "Kitanda, vyombo, mbuzi, kila kitu."

"Mbuzi utaweka wapi? Kwa ngazi?"

Nikapandisha sauti. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo, kama ningekuwa na akili zangu, lingetosha kunituliza. Alisema bila ukali wowote, akiutazama mtungi.

"Moto wa kuni nauona. Nikiuwasha nauona, nikiuzima nauona. Hii kitu iko hapo ndani na sijui inafanya nini."

Mimi nikasikia ukaidi tu. Nikamwambia nitamwonyesha sasa hivi kwamba hata mtoto wa nasari anaweza. Nikaubeba mtungi hadi kwenye kile chumba kidogo cha ndani anachowekea ndizi ziive, nikafunga dirisha ili upepo usinisumbue, nikaung'oa muhuri, nikachukua bana na kuanza kuikaza. Kazi hiyo nimeifanya nyumbani kwangu mara nyingi. Unaiweka wima, unaizungusha kwa vidole taratibu mpaka ikae. Lakini nilikuwa naizungusha kwa hasira, mkono mmoja, huku nikiendelea kuhubiri. Chupa yangu ya maji ya sabuni ilikuwa ndani ya gari, hatua ishirini kutoka pale. Sikuifuata. Nilitaka aone ni kitu rahisi, na mtu hamwonyeshi mzazi wake kitu rahisi huku amebeba sabuni.

Mama alikuwa ameleta kigoda chake kutoka jiko la nje, akakiweka karibu na mlango, akakaa chini kabisa, tayari kukimbia. Mimi nilikuwa nimesimama. Nikatoa kiberiti.

"Kuna harufu," akasema.

Nikamwambia hakuna. Akasema iko, kama kabichi iliyooza. Nikamwambia ni ndizi zake hizo. Nikatoa njiti.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu na magoti yake yana kelele, lakini sikumwona akiinuka. Nilihisi tu kiberiti kimetoka mkononi mwangu, na njiti pia. Akavitia kwenye mfuko wa aproni, akafungua dirisha kwa kiganja.

"Toka nje, baba. Na hiyo kitu yako."

Niliubeba mtungi hadi uani, nikauweka kwenye nyasi mbali na jiko la kuni. Nilikwenda kwa gari nikaleta chupa, nikabana sponji, nikapaka povu shingoni mwa mtungi, pale bana inapoingilia. Tukainama wote wawili. Upande mmoja povu lilikaa kimya. Upande wa pili likaanza kuvimba, kiputo kimoja, kikapasuka, kikaja kingine kikubwa zaidi.

Nilijua basi, nimeharibu. Nimemletea mama yangu ushahidi wa kila alichokuwa akikiogopa. Baada ya hapo hatagusa gesi maisha yake yote, na wiki ijayo nitakuwa napakia kitanda chake kwenye lori huku akiitazama migomba yake. Nilikaa kwenye nyasi.

"Wewe hukusikia hiyo harufu," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia tangu ile homa sisikii kitu. Akageuka kulitazama gari langu.

"Na gari?"

"Mke wangu ananinusia. Kila asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Hata Jumapili."

Kicheko kilimwanza taratibu, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko, akajishika ukuta wa jiko. Alipopata pumzi akasema kumbe sote wawili tumekuwa tukidanganya watu, yeye kwa chai na mimi kwa pua. Mimi nilikuwa karibu kulia na nilicheka pia. Kisha akavuta kigoda chake hadi karibu na mtungi na kuniuliza, sasa kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza kazi, kama ni hapo gesi inapotokea. Nikamwambia ni hapo. Akaniambia nipake tena. Nilipaka, kikavimba kiputo kingine, akakitazama mpaka kikapasuka.

Nikaifungua bana, mtungi ukajifunga wenyewe, nikamwonyesha kale kampira kadogo ka duara kanakokaa shingoni. Kalikuwa kamejikunja upande kwa sababu ya kukaza kwangu kwa hasira. Nikakanyoosha. Mara hii nilikaza taratibu, wima, kwa vidole, na sikuwa nahubiri. Nikapaka povu. Tukangoja. Povu lilikaa tu, likaanza kukauka kwa jua.

Akataka nifungue tena nikaze tena, nikafanya hivyo. Ya tatu akasema nimpishe. Aliikaza mwenyewe kwa mikono ile iliyopalilia mahindi miaka yote, akapaka sabuni mwenyewe, kwa wingi kupita kiasi, mpaka shingo ya mtungi ikawa nyeupe yote. Akainamisha uso karibu kabisa na kunusa. Akatazama. Akanusa tena. Ndipo akaingiza mkono kwenye aproni na kutoa kiberiti changu.

"Sasa nimeiona," akasema.

Aliwasha pale pale uani. Moto ulitoka wa bluu, akaruka nyuma kidogo, kisha akarudi na kuugeuzageuza ukubwa na udogo kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Akaleta sufuria. Chai ile ilichemka kabla hajamaliza kuniambia mambo ya ng'ombe wa jirani aliyekula sukuma wiki zake. Tulipoinywa alisema haina ladha. Nadhani alimaanisha haina moshi. Aliongeza tangawizi, akaonja, akasema sasa inaweza kunyweka.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alimwaga chai iliyobaki ndani ya thamosi, akavaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akasema nimpeleke kwa mwenyekiti. Nikamuuliza kama nimwitie bodaboda. Alikwenda nyuma ya gari akaniamuru nifungue buti. Akaingiza kichwa, nikasikia pumzi yake ndefu mle ndani, mara mbili, mara tatu. Akazunguka mlango mmoja baada ya mwingine akinusa chini ya siti. Kisha akapanda mbele, akafunga mkanda, akapiga paa kwa ndani mara mbili. Wala sikuwa nimemwambia kuhusu ile ngo-ngo ya mke wangu. Nimewahi kumuuliza alijuaje, akasema hajui ninazungumzia nini.

Kwa mwenyekiti alisema mwenyewe, kabla hajakaa, kwamba chai ya Jumapili ilikuwa ya kuni. Mwenyekiti akajifanya ameshangaa, na alijifanya vibaya sana. Wakainywa ile ya thamosi wakisema ndiyo chai ya kwanza yenyewe, na wakauombea mtungi mara ya pili, safari hii bila kufungua macho katikati.

Hayo yamepita muda sasa. Mtungi uko kwenye chumba cha ndizi, dirisha wazi, na kile kitambaa cha maua amekirudisha kwenye kiti cha baba. Akina mama wa kikundi wamebadilisha desturi yao kidogo: mwenzao akipata mtungi, haiwashwi gesi mpaka mama afike na karai lake la povu. Anapaka, anatazama, ananusa, anakunja uso hata pale ambapo hakuna kitu ili wajue kazi ni ngumu. Amewahi kurudisha mtungi mmoja dukani kwa sababu povu lilivimba kwenye shingo yenyewe, na mwenye duka akabadilisha bila maneno. Siku za kliniki hupanda gari langu, kiti cha mbele, baada ya kulinusa. Daktari hakusema amepona. Alisema kifua hakijaendelea kuharibika na kile kikohozi cha asubuhi kimepungua, akamwambia aendelee hivyo hivyo. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepata kazi mpya.

Lori sijalitaja tena.

Kilichobaki ni githeri. Mahindi makavu na maharagwe hayana haraka, na mama alifanya hesabu zake akaona yatamaliza mtungi kabla hayajalainika. Tuligombana, tukapatana. Kila Jumamosi naenda kwake kutoka Ruiru, nawasha kuni nje kabisa, mbali na nyumba, na kuchemsha githeri ya wiki nzima. Yeye haruhusiwi kusogea. Hukaa kizingitini na kigoda chake, upande ambao moshi hauendi, akinielekeza nitie ukuni huu, nitoe ule, mbona nafunika sufuria kama mgeni. Macho yananitoka machozi, shati langu mke wangu hulitupa kwenye karai kabla sijaingia mlangoni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeinama juu ya sufuria yenyewe nikipuliza moto. Mbuzi walikuwa wamelala kivulini. Mama alikuwa hatua thelathini kutoka pale, amevaa miwani yake, Biblia mapajani, akaita bila hata kuinua macho.

"Baba. Githeri inaungua."

Nikafunua, nikakoroga, nikaona chini kumeanza kushika. Nikaongeza maji.